Trela ya Mzee Bado

Trela ilikuwa yangu. Naanza hapo kwa sababu mtaani kwetu kila mtu anaisimulia habari hii anavyotaka, na wengi wanaoisimulia hawakuwapo. Mimi nilikuwapo tangu boliti ya kwanza. Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai kwa wenye shughuli, za furaha na za msiba, ndiyo maana wananiita Viti, na trela hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba mali yangu mpaka pikapu yangu ilipokufa injini. Injini yenyewe iko vipande vipande juu ya meza ya fundi ambaye kila nikienda ananiambia njoo kesho. Trela ikabaki uani kwangu, kuku wakataga ndani yake.

Jirani yangu, yule tunayegawana ukuta, ni Mzee Bado. Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa mkaguzi katika kampuni ya mabasi, na basi halikutoka getini kabla halijapita mikononi mwake. Alikuwa na nyundo ndogo ambayo aligongea nati za magurudumu, moja baada ya nyingine, kichwa amekiinamisha akisikiliza mlio. Abiria wamejaa, dereva ameshawasha, kondakta anapiga mluzi, tajiri mwenyewe amesimama mlangoni mwa ofisi anaitazama saa. Mzee anatoka chini ya basi polepole, anajifuta mikono, anasema, "Bado." Basi haliendi. Walimtukana matusi ya nguoni, na yeye alikuwa amekwisha kulala tena chini, miguu tu inaonekana.

Nimpe haki yake. Miaka yote aliyokaa pale, basi alilolipitisha yeye halikuua mtu kwa ubovu. Ya kampuni nyingine yalianguka, tukasikia, tukaenda kuzika. Ya kwake yalikwenda yakarudi. Hilo lilimwingia kichwani likajenga nyumba humo. Kampuni ilipouzwa walimuaga kwa soda na makofi, na wenye mabasi wapya hawakutaka mtu wa kuwachelewesha. Akarudi nyumbani na gari lake moja la zamani, lile lenye buti refu linalofunguka kwa nyuma, akaanza kutukagua sisi. Alikuja kwangu akagonga miguu ya viti. Siku moja alimzuia mke wangu kupanda ngazi kwa sababu kidato kimoja kilimlia vibaya sikioni, na mke wangu akamwambia, "Shemeji, siku nikifa utaniambia kaburi nalo bado." Tulicheka sana, na yeye alicheka, lakini ngazi hakumpa mpaka alipokipigilia kidato msumari.

Mtoto alikuwa naye mmoja, binti, fundi cherehani mwenye mkono mwepisi. Sare za shule nusu ya mtaa huu alizishona yeye kabla hajaolewa. Akaolewa na fundi wa mabomba katika mji ulio mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu. Siku anaondoka, Mzee Bado alimfungasha kwa vitu ambavyo mtu wa kipato chake hakupaswa hata kuviota: kitanda cha mbao ngumu, kabati la milango yenye kioo, meza, na cherehani ile kubwa ya miguu ya chuma. Vyote alivikagua mwenyewe, na kabati alilirudisha dukani mara mbili kwa sababu mlango haukufunga sawasawa.

Mume alikuwa anapiga. Sizunguki hapo. Mwanzoni tulisikia maneno ya kujificha, mara ameanguka bafuni, mara mlango umemgonga, halafu siku moja akatokea getini kwa baba yake na mfuko mmoja wa plastiki na uso ambao mama yake aliufunika kwa kanga ili majirani tusiuone. Tuliuona. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo tulisema afadhali, hana cha kumfunga kule, atatulia.

Wiki haikupita, wakwe wakaja. Walikuja na adabu zote, wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti vyangu maana Mzee aliviazima kwangu. Mama mkwe akasema, "Mkwe wetu, huyu mwanetu hajaondoka. Kitanda chake kiko kule, cherehani iko kule, masufuria yako kule. Mtu aliyeacha nyumba anaacha na masufuria? Alikuja kuwasalimia, tunawashukuru kwa kumpokea." Mzee Bado hakuwa mtu wa maneno. Umpe ekseli iliyopinda atakwambia imepindia wapi, lakini mtu mwenye ulimi wa kuteleza vile alimshinda. Alitazama huku na huku kama anayetafuta chombo kilichopotea. Binti akarudi nao, mfuko ule ule mkononi, anatembea nyuma ya mama mkwe.

Sikumsamehe Mzee kwa siku ile, na yeye hakujisamehe. Lakini alichojifunza kilikuwa hiki, kwamba mtoto alirudishwa na masufuria.

Kwa hiyo Alhamisi ile binti alipopiga simu na kusema, "Baba, safari hii nikibaki ataniua," Mzee hakusita. Mume alikuwa amekwenda kufunga mabomba kwenye jengo fulani mbali na mji na alisema angerudi Jumatatu. Nafasi ilikuwa hiyo. Mzee alikuja kwangu jioni, amevaa ovaroli lake la zamani ambalo sikuwa nimeliona tangu astaafu.

"Jirani, niazime trela."

"Trela chukua. Utaivuta na nini, na meno?"

"Nitafunga chuma cha kuvutia kwenye gari langu. Mwenyewe."

"Kodi pikapu pale stendi, Mzee. Kesho asubuhi unakwenda, jioni mko hapa."

"Pikapu za stendi nazijua mimi. Hakuna hata moja yenye breki ya mkono. Halafu madereva wale huenda kule kumbebea mkwe mabomba yake. Nikikodi leo, yeye anajua leo."

Hilo la pili lilikuwa na akili. Mama mtu, mkewe Mzee, alikuwa amesimama mlangoni kwao, mikono imeshika kingo za mlango. Ni mwanamke mpole ambaye siku hizo alikuwa hali akashiba.

"Mzee," alisema, "na apande basi. Aje yeye. Vitu tutavifuata."

"Hapana. Akija bila vitu watamfuata tena. Safari hii wakija kuuliza, nataka wakute kule haikubaki hata sindano."

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa wauza vyuma vya magari yaliyokufa. Alikipata alichotaka: chuma kizito cha upana wa gari, kilichofunguliwa kutoka kwenye gari la aina ile ile kama lake, chenye mkono unaotoka nyuma na juu yake kirungu cha mviringo ambacho kikombe cha trela hukaa. Alikigonga kwa nyundo yake mwanzo mpaka mwisho, muuzaji akamtazama kama mganga. Tukarudi, akalipandisha gari juu ya stendi za chuma, akatoa gurudumu la akiba, akafungua bampa, akaingia chini.

Mimi nisiyejua nilidhani tumemaliza. Chuma kile kilikuwa na matundu yake, na gari lina matundu yake kwenye chesi, ule uti wake wa mgongo, kazi ni kuyakutanisha na kukaza. Upande wa kulia yalikutana. Upande wa kushoto yalikosana kwa upana wa kidole, kwa sababu zamani gari hilo liligongwa nyuma na mtu akaliinua bila kulinyoosha vizuri.

"Lete nondo tulisukume," nikasema. "Litakubali."

"Litakubali leo," akasema sauti yake ikitoka chini. "Njiani litakataa."

Akaanza kutoboa tundu jipya. Chesi ni chuma kigumu, drili yake nayo ilikuwa ya kutobolea mbao za makabati, ikawa inalia na kutoa moshi, anaipumzisha, anaipaka mafuta, anaendelea. Simu yake ilikuwa juu ya boksi la spana, na ilipoita mimi ndiye niliyeibonyeza na kuiweka sauti ya nje, maana mikono yake ilikuwa imejaa grisi.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Uko salama?"

"Niko salama. Baba, hapa jirani kuna mtu anakuja huko na basi la mchana. Nije naye?"

Drili ikanyamaza. Nakumbuka niliona miguu yake tu, viatu vikitazama juu, havikutikisika.

"Usitoke na mfuko, mama. Nakuja na trela. Wewe tulia hapo, fungua kitanda, vitoe vyombo kabatini uvifunge vitu vyote pamoja, ili nikifika ni kupakia tu. Umenisikia? Usiondoke."

"Nimesikia, Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyetumwa dukani.

Mama mtu alikuwa ameyasikia yote kutoka jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama pale kwenye miguu ya mumewe, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mwanamke mwingine ningesema alikosa la kusema. Yule alikuwa nalo, ila maisha yake yote alikaa na mtu ambaye hakuwahi kukosea kuhusu chuma, na mazoea hayo yalimziba mdomo. Akarudi jikoni.

Jua lilipoanza kushuka tundu lilikuwa limepatikana, na mimi nikaenda dukani kununua boliti. Niliporudi nilimkuta ameshika brashi.

"Unafanya nini?"

"Napaka rangi humu ndani ya tundu. Chuma kimebaki uchi, kutu itaingia."

"Itaingia lini, Mzee? Kesho?"

"Itaingia tu."

"Na rangi inakauka lini?"

"Asubuhi."

Hapo ndipo mama mtu alipopata sauti. Alitoka ndani akamtolea uvivu kama sijawahi kumsikia. "Mtoto yuko roho mkononi, wewe unapaka rangi! Tundu ambalo hakuna mwanadamu atakayeliona! Kakae basi na gari lako, mimi napanda basi namfuata mwanangu." Mzee akainuka, akaifuta brashi taratibu, akamwambia bila hasira, kwa sauti ile ile aliyowaambia matajiri wa mabasi, "Ukienda wewe utamleta na mfuko. Halafu watakuja wakae hapa waniulize masufuria yako wapi. Siwezi kumtoa mara tatu. Namtoa mara moja." Mama mtu akaketi kwenye kizingiti, akashika tama. Kiza kikaingia, na Mzee hafanyi kazi ya chuma kwa tochi. Hiyo ni sheria yake nyingine.

Jumamosi ndiyo niliyoikasirikia zaidi na mpaka leo naikasirikia. Rangi ilikuwa imekauka, chuma kikapanda mahali pake vizuri kabisa, boliti zikaingia bila kulazimishwa. Akaanza kukaza, akasimama. Alizitazama vichwa zile boliti nilizonunua akaniambia ni laini, za kufungia mageti, hazikupikwa kwa ajili ya mzigo. Nilizirudisha, nikazunguka maduka matatu, nikaleta zenye alama alizotaka. Akakaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, anarudi ya kwanza. Nikaisukuma trela ikaja, nikaishusha juu ya kirungu, ikakaa. Nilishangilia, sikufichi. Yeye akashika mkono wa trela akautikisa, ukacheza: ngo, ngo.

"Kirungu ni kidogo kwa kikombe," akasema.

"Si kimekaa?"

"Kimekaa hapa uani. Kwenye shimo la kwanza kitaruka nje, na trela itatupita."

Alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Baadaye nilimuuliza fundi wangu, yule wa njoo kesho, naye akaniambia watu wengi wameuawa na kirungu kilichokuwa kidogo kwa unene wa shilingi. Tukarudi kwa wauza vyuma, tukapekua mapipa, tukapata kirungu kingine. Mchana ukawa umekwenda. Tukafunga mnyororo wa akiba chini, ukipishana, ili kirungu kikiachia trela isiende peke yake. Tukavuta nyaya za taa.

Simu ikaita. Nikaishika tena mimi.

"Baba, bado?"

"Bado kidogo, mama. Taa tu."

"Nimeshafungua kitanda. Vitu vyote viko sebuleni. Nimekaa juu ya godoro."

"Vizuri. Umefunga mlango?"

"Nimefunga." Nikasikia mtaani kwao pikipiki inapita. "Baba, nikiona kiza kimeingia nahofu."

"Kesho alfajiri niko njiani. Lala mama."

Taa ya kushoto ya kukatia kona ilikataa kuwaka. Mtoto wa watu amekaa juu ya godoro, na sisi tumepiga magoti nyuma ya gari tunatafuta waya mmoja. Nikamwambia, "Mzee, twende hivi hivi, ukikata kona kushoto nitatoa mkono dirishani." Nilisema kwa utani lakini nilimaanisha. Akaendelea kupekua nyaya. Waya ulipopatikana jua lilikuwa limezama, taa zote zikawaka, nyekundu na za njano, uwanja wote ukang'aa, na mama mtu akatoka amevaa viatu, kanga amejifunga, mkoba mkononi.

"Twende sasa," alisema. "Taa si hizo zinawaka?"

"Trela mpya haijaribiwi gizani," Mzee akasema, na nilipomtazama nilimwona hata yeye hakulipenda neno lake. Alilirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikagua. Lakini hakuligeuza.

Tuliondoka alfajiri, watatu. Nitasema nini? Trela ilifuata kwa adabu. Ilipita mashimo, ikapita matuta, haikuyumba. Mara mbili Mzee alisimama pembeni, akashuka, akagusa kirungu kwa kiganja kuona kama kimepata moto, akajaribu nati. Mama mtu alikuwa kiti cha nyuma, anapiga simu ya binti. Iliita bila kupokelewa. "Amelala," mimi nikasema. Alipiga tena. "Chaji imekwisha," nikasema, ingawa simu iliyokwisha chaji haiiti, na sote mle ndani tulilijua hilo.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya mwisho kwenye kichochoro. Mlango ulikuwa wazi. Mama mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti kizingitini na ndoo na brashi, anasugua saruji, na maji yaliyokuwa yakitiririka kwenda mferejini hayakuwa meupe. Alipoliona gari na trela alisimama, akajifuta mikono, akajua sisi ni nani.

Alitueleza pale pale. Kazi ya mabomba ilikatizwa, mume alirudi Jumamosi usiku bila taarifa. Alimgongea mkewe, akafunguliwa, akaingia akakuta sebule imejaa vitu vimefungwa kamba. Kitanda kimefunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Hakuhitaji kuuliza. Kama angekuta nyumba ilivyokuwa siku zote pengine angekula akalala. Alichukua ubao wa ubavuni wa kitanda. Majirani waliingia kwa kuvunja dirisha, na yeye akakimbia, polisi wanamtafuta. Binti alikuwa hospitali.

"Alikuwa anajikinga na mkono," yule mama akasema, akauinua wake kutuonyesha, kisha akaona alichokuwa akifanya, akaushusha.

Hospitalini walituruhusu kuingia. Sitaeleza uso. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na daktari alimwambia mama mtu wazi kwamba asilitegemee. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mpaka begani. Ndio mkono uleule ambao alikuwa akipitishia kitambaa chini ya sindano huku akipiga soga bila kutazama. Niseme na hili kabisa lipite: vidole vile havikunjiki mpaka leo. Sindano hawezi kuishika.

Mama yake alimwangukia miguuni akalia kwa kwikwi. Mzee Bado alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, ana grisi kwenye kucha. Akamwinamia.

"Mama, sikukawia kwa kupenda," alisema. "Chuma hakikukubali. Nilitaka utoke na vitu vyako vyote, wasipate la kusema. Nilitaka utoke kama mtu."

Binti alimtazama kwa jicho lililobaki. Hakukuwa na hasira katika jicho lile, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana hasira mzazi anaweza kuijibu.

"Nauli nilikuwa nayo, Baba," alisema.

Mzee aliendelea kuinama vile vile, kama aliyesubiri sentensi iishe, mpaka muuguzi alipomshika kiwiko akamweka kwenye benchi.

Mama mtu alibaki hospitalini. Mwenye nyumba alikuwa anataka chumba chake, na vitu visingelala nje, kwa hiyo tulirudi sisi wawili kupakia. Vilikuwa vimefungwa vizuri sana. Kila fundo alilifunga yeye, masufuria ndani ya masufuria, vikombe vimezungushiwa magazeti, cherehani imevishwa shuka. Tulibeba kabati, tukabeba godoro, tukabeba mbao za kitanda isipokuwa moja, ambayo polisi waliichukua. Mzee alifunga kamba, akazivuta, akafunga nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuzunguka gari kabla ya kuondoka. Aliingia akawasha.

Karibu na kwetu pana kizuizi cha askari wa barabarani. Askari kijana alitusimamisha, akaitaka leseni, kisha akaenda nyuma. Nilimwona kwenye kioo anavyochuchumaa, anashika mnyororo, anatikisa mkono wa trela, anatwambia tukanyage breki, tuwashe kushoto, tuwashe kulia. Alirudi dirishani amefurahi. Nadhani siku nzima alikuwa ameona trela zilizofungwa kwa kamba na waya.

"Mzee, nimesimamisha trela nyingi hapa, sijaona kazi kama hii. Boliti zenyewe, mnyororo, taa, mpaka rangi umepaka! Nani amekufungia?"

Mzee alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele.

"Kajifungia mwenyewe," nikajibu mimi.

"Mwenyewe? Hongera sana, baba yangu. Iko sawa kabisa. Nenda."

Gari halikuondoka. Mzee aliweka kipaji cha uso juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Askari aliinama akachungulia ndani, kisha akanitazama mimi, haelewi kosa lake ni lipi.

"Mzee," akasema, "nimesema uko sawa. Unaweza kwenda."